Wawaache maiti wetu, wakachimbe Pirates

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Lakini ile ripoti ya juzi kuhusu vijana wanaozunguka na mashine za kutafutia sarafu za kale, mkawaita "wasaka hazina", imenichefua. Hazina ya nani?

Nimetoka kusali alfajiri, nikapitia makaburi ya ukoo wetu hapa kisiwani. Nikamkuta kijana amevaa vidude vya masikioni, anapitisha ile sahani ya mashine juu ya kaburi la nyanyake babangu kama mtu anayepiga shuka pasi. Mashine ikalia. Akapiga goti, akachokoa kwa bisibisi, akatoa pesa ya shaba iliyogeuka kijani. Akaitemea mate, akaisugua kwenye suruali mpaka ikatoka picha ya mizani, na jina la Mombasa, na mwaka 1888. Ni zile pesa za Kampuni ya Kiingereza iliyoiendesha pwani hii zamani zile. Namwambia airudishe, ananijibu, "Mzee, mimi siibi, natafuta tu." Natafuta tu! Juu ya kaburi la watu! Nilipopaza sauti akakunja mashine yake, akaondoka na pesa ile mfukoni, na mashimo akatuachia sisi tufukie.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 yasema kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale. Kuvichimbua vitu hivyo kwataka leseni, na aliyekiokota kwa bahati shurti atoe taarifa. Hayo hamkuyaandika. Mliandika bei.

Mwaka 2013 wataalamu walipata kisiwani Manda sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, ya mwanzo wa karne ya 15, na ulimwengu ukasikia. Waliijua ilikolala, kwa hiyo ikawa na la kusema. Hata ile jahazi ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, walioizamia miaka ya sabini walipima na kuchora kwanza ndipo wakainua kitu. Sarafu iliyotolewa kwa bisibisi na kusuguliwa kwenye suruali itasema nini? Tena si mara ya kwanza: visahani vya Kichina vilivyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya pwani hii vingi vimeng'olewa zamani, tumebaki na matundu.

Na mkitaka kujua vyuma vinakoishia, ulizeni wanunuzi wa skrepu. Mwaka 2022 biashara ile ilipigwa marufuku Januari, ikafunguliwa Mei, na mtaani kwetu mfuniko wa shimo la maji taka ukaondoka tena. Tumeweka tairi bovu na tawi la mwarobaini ili watoto wasitumbukie. Mwenye mizani ya skrepu haulizi chuma kimetoka wapi.

Basi kama mikono inawawasha hao vijana, wapelekwe ufuo wa Pirates kila Jumatatu asubuhi, wikendi ikishapita. Mchanga ule umejaa vifuniko vya soda, misumari na vijiti vya mishikaki, ingawa vijiti najua mashine haivisikii, watavitafuta kwa macho. Watu wa makavazi wawasimamie na daftari: kifuniko kimepatikana wapi, kina gani, karibu na nini. Mkokoteni ukijaa, wapewe chai na mahamri kwa gharama ya kaunti.

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa