Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kutoka Kliniki Hadi Jikoni

Ndugu wanachama, wazazi wa watoto wetu wenye kisukari, na wauguzi wa kliniki mliokuja kukaa nasi,

Mwaka jana nilisimama hapa nikawaahidi semina, na semina mmezipata. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikaa tukafundishwa mpangilio wa sahani, utunzaji wa miguu, namna ya kuchoma sindano na dalili za sukari kushuka. Wali wa semina mliula, na wengine mliula zaidi ya ile robo ya sahani tuliyotoka kufundishwa, niliwaona. Lakini kamati ilipopitia madaftari ya kliniki ya wale waliotukubalia, tulikuta sukari za wengi ziko palepale. Tulikuwa tumejiaminisha kwamba wanachama hawajui. Wanajua. Kosa hilo ni la kamati, na mimi ndiye niliyelisukuma.

Ndipo tukaanza kubisha hodi majumbani.

Mama mmoja wa upande wa Muheza alitutajia bila kusoma popote kwamba sukari ikishuka chini ya 4 anatakiwa kula kitu kitamu mara moja, asingoje. Tukamuuliza mara ya mwisho alipima lini. Akafungua kabati, akatoa kimashine kilichofungwa kwenye leso. Alipewa bure. Stripu zake, vile vibanzi vya kuwekea tone la damu, ziliisha, na duka alilokuwa akinunulia limeacha kuleta aina hiyo. Za aina nyingine hazikubali, kila kimashine na stripu zake. Basi insulini anaichoma kwa kukisia: akihisi kizunguzungu anapunguza, akijisikia mzima anaongeza. Huyu mtu kwenye daftari lake ameandikiwa "hafuati masharti".

Neno hilo linatuumiza wengi, nalo limezaa ujanja ambao leo nautaja mbele ya wauguzi wetu, mnisamehe. Siku mbili kabla ya kliniki tunaacha ugali, tunalala na mchicha na maji, asubuhi tunapimwa kabla ya kula, tunasifiwa, tunarudi nyumbani kula kama kawaida. Tunafanya hivyo ili tusigombezwe. Kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, kile cha HbA1c, hakidanganyiki kwa mchicha wa siku mbili, ila si kila kituo kinacho, na kikiwepo mara nyingi unalipia. Kwa hiyo daktari anapandisha au anashusha dozi kwa namba tuliyompikia wenyewe.

Kwa vijana wetu wanaoishi kwa insulini, kikwazo kikubwa tulichokikuta ni pa kuiweka. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na nyumba nyingi tulizoingia hazina friji, au friji ipo na luku imeisha. Kijana mmoja anahifadhi kwa jirani. Siku moja watoto wa jirani waliihamishia kwenye friza ikaganda. Ilipoyeyuka ilionekana safi, akaichoma, na sukari ikapanda siku nne mfululizo. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikionekana safi namna gani. Mama yake aliona aibu kwenda kuomba nyingine.

Hapa ninayo habari ya kutia moyo. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, kisha maabara wakaweka insulini kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne. Matokeo yalitoka mwaka 2021: nguvu yake haikutofautiana na ya iliyokaa kwenye friji. Sisemi mtupe friji. Nasema chupa inayotumika sasa inaweza kukaa nyumbani kwa kijana mwenyewe, ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, mbali na jua na moto. Wauguzi wetu wamekubali kutuonyesha namna ya kukitengeneza mchana huu.

Wapo wanaoacha dawa kabisa, na hao siwezi kuwasema kwa ukali. Mwaka 2011 nami nilipanda gari kwenda Samunge, Loliondo, nikakaa foleni, nikatoa shilingi 500, nikanywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya yule mchungaji mstaafu tuliyemwita Babu. Hakuna aliyeniambia niache vidonge. Niliacha mwenyewe, kwa kuchoka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto ndivyo vilivyonirudisha kliniki, na sasa sinavyo. Mtu akiwaambia amechoka kumeza dawa kila siku, msimkimbilie na hotuba.

Kuhusu gharama nitasema kidogo, maana mnazijua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunafuatilia stripu zitakuwa na nafasi gani kwenye huduma zitakazolipiwa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani, katika malengo ya mwaka 2022, linataka kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa bei anayoimudu ifikapo 2030. Wametaja vyote viwili pamoja. Sisi tumezoea kuomba dawa na kusahau kipimo.

Kamati inaleta mapendekezo yafuatayo myapigie kura. Semina zibaki nne kwa mwaka. Fedha itakayookolewa inunue stripu kwa jumla, na ili hilo liwezekane itabidi wote tuhamie aina moja ya kimashine. Najua wapo watakaolalamika. Wauguzi tunawaomba jambo moja: mtu akija na sukari mbaya, aulizwe kwanza alipima lini, na kama hakupima, ni kwa nini.

Na ada. Wanaodaiwa wanajijua, na majina sitayasoma. Mweka hazina atayasoma, pamoja na hesabu, tukishapata chai isiyo na sukari.