Presha: chumvi tunaisema kila siku, magadi na potasiamu je?

Mhariri,

Naomba nafasi nisemee hili la presha maana naona tunalizungumza nusu nusu. Watu wakipimwa pale stendi au kanisani wakakutwa iko juu, wanaambiwa punguza chumvi, basi, mwingine aje. Ni kweli na sipingi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, tena pamoja na ile iliyoko kwenye mkate na mchuzi. Ila shirika hilo hilo linataka mtu apate potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda na mboga, angalau miligramu 3510 kwa siku, na hiyo huku Moshi sijasikia ikitajwa kabisa.

Sodiamu ya kwenye chumvi inashikilia maji mwilini, damu inajaa, presha inapanda. Potasiamu inasaidia figo kuitoa hiyo sodiamu kwenye mkojo na inalegeza mishipa. Kwahiyo ukipunguza moja bila kuongeza nyingine umefanya nusu ya kazi.

Na sisi hatuna shida ya kuipata jamani! Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama miligramu 400, bakuli la maharage linapita 600, halafu kuna parachichi, mchicha, viazi, vyote vipo sokoni Mbuyuni hapa Moshi na Kilombero kule Arusha kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Lakini angalia vijana wetu jioni, chips, na chumvi wanamwagia hata kabla hawajaonja. Nyumbani nako mchuzi una chumvi halafu unatiwa na vile viungo vya pakiti ambavyo navyo vimejaa chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni magadi, maana hayo ni yetu wenyewe. Tunatia kwenye kiburu (ndizi na maharage), kwenye makande, kwenye maharage yaive haraka, kwenye mboga ya mnafu ilainike, na mama akishaambiwa apunguze chumvi anapunguza kweli ila magadi anaendelea nayo kama kawaida, kwa sababu hayana ule ukali wa chumvi mdomoni. Magadi ni sodiamu ile ile! Tena yanabeba floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno, na maji ya kuzunguka mlima Meru tayari yanayo mengi, meno ya watoto yanaonyesha. Najua kuni na gesi ni ghali lakini maharage yakilala kwenye maji usiku kucha yanaiva bila magadi. Na mboga msichemshe mkamwaga maji, potasiamu nyingi inaondoka nayo.

Kuna pia chumvi iliyopunguzwa sodiamu ikachanganywa na potasiamu. China waliijaribu kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na kuendelea wenye presha, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likashauri watu wazima watumie chumvi ya aina hiyo badala ya ile ya kawaida, ila SIO mwenye ugonjwa wa figo, na anayekunywa dawa za presha amuulize daktari kwanza maana baadhi ya dawa zinapandisha potasiamu, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Hata hizo ndizi na parachichi mgonjwa wa figo asijiongezee tu kwa kusoma barua yangu. Na hiyo chumvi kidogo tutakayobaki nayo iwe yenye madini joto, tusije tukakimbia presha tukarudisha goita, ule uvimbe wa shingo.

Ombi langu ni kwa maafisa lishe wa halmashauri zetu. Mkija kupima presha muulizeni mtu na magadi anatia kiasi gani, na yale yanayouzwa sokoni yapimwe, sodiamu na floraidi, halafu mtutangazie majibu kwa Kiswahili cha kawaida ambacho muuza ndizi atakielewa.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi