Dada, mwache Simba apumzike

Dada yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa ambapo najua utasoma.

Juzi nilimwona Simba, mbwa wako msaidizi, akihangaika na taa ya korido. Zamani aliruka mara moja tu, akabonyeza swichi kwa pua. Safari hii nyonga zilimshinda, akarudi chini, akakutazama. Ukamwambia, "Tena." Akajaribu tena.

Ana miaka 10, Dada. Mbwa wasaidizi wengi hustaafu wakiwa na umri huo au kabla yake, na unalijua hilo kuliko mimi. Wewe ndiye uliyenisomea yote kabla hajaja: wanavyolelewa na familia za kujitolea tangu wakiwa na wiki 8 hivi, kisha wanafundishwa kuvuta kamba ya mlango, kuvua soksi bila kugusa kidole kwa jino, kubweka mtu akianguka. Mwanzoni ulitaka tumbili aina ya kapuchini, kama wale waliokuwa wakifunzwa Boston, Marekani, kwa ajili ya vidole vyao. Hao huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Nilikataa, nikasema mnyama wa porini hafai kufungiwa ndani, ukaninunia. Marekani yenyewe iliacha kuwatambua kisheria kama wanyama wasaidizi mwaka 2011. Sijutii.

Na Simba nampenda. Siku alipokufungulia mlango ukatoka nje bila kumwita mtu, nilijifungia bafuni nikalia.

Lakini ulilolisema kwenye msiba wa Mama halijanitoka. Nyumba imejaa watu, mmoja akamsifu Simba, nawe ukampapasa kwa kiwiko ukasema, "Huyu hajawahi kuguna hata siku moja." Kisha ukanigeukia. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama na trei ya vikombe mkononi.

Niliguna, ndiyo. Nilikuwa na miaka 19 ulipovunjika shingo. Kila baada ya saa mbili, usiku kucha, nilikugeuza ubavu usipate vidonda vya kulalia. Miaka minne. Simba hawezi kukugeuza. Hawezi kumwaga mfuko wa mkojo. Kisigino chako kilipoanza kubadilika rangi, nilikiona mimi, kwa tochi. Yeye aliokota kijiko akasifiwa. Mimi niliguna saa tisa usiku, na ukakumbuka mguno.

Mstaafishe. Abaki humo humo, alale karibu na kiti chako, aje mbwa mwingine kijana ashike kazi. Hutakuwa umemsaliti, wala yeye hajakuchoka. Mwili wake ndio umekataa. Mimi nilipoondoka mgongo wangu ulikuwa umekataa. Nilikuomba mara mbili tutafute mtu wa usiku, ukasema mtu baki hakugusi. Nilikuwa na miaka 23 na sikumbuki lini nililala saa nne mfululizo. Ulilia nilipofunga begi, nami niliona, usidhani sikuona. Ila katika nyumba nzima hakuna aliyesema, mwacheni na huyu apumzike. Hata Mama.

Jumamosi nakuja na bisibisi. Ile swichi nitaishusha mpaka uweze kuibonyeza mwenyewe kwa kiwiko. Usimwamshe Simba anifungulie mlango. Ufunguo ninao bado.

Mdogo wako.