Nirudie kulia au nirudie kusema? Barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Sikupanga kukuandikia hapa mbele za watu. Lakini simu zangu hupokei, na siku ukipokea unasema uko kikaoni. Na kwa kuwa wewe umetuandika sisi kitabu kizima, acha na mimi nikuandike kidogo.

Kwanza hongera. Kitabu nimekinunua kwa hela yangu, maana ile nakala uliyosema umenitumia haijafika mpaka leo. Nimekisoma siku mbili, usiku, watoto wakishalala. Unaandika vizuri. Insha zako za darasa la sita nilizisahihisha mimi, nukta ulikuwa hujui zinakaa wapi, lakini maneno ulikuwa nayo.

Sikuwahi kukuonea wivu, hilo watu wa nyumbani wanalijua. Ulipocheza Maria kwenye igizo la Pasaka, joho nililishona mimi. Ulipoenda Dar kwenye tamthilia na baadaye filamu za DVD, wenzangu sokoni Majengo walikuwa wananiuliza, "Mdogo wako yule mwizi wa waume hajambo?" Najibu hajambo, anawasalimu, na waume zenu pia. Unakumbuka Bibi alivyokuona unapigwa kofi? Alichomoa waya wa luninga ukutani, akanitaka nimpigie baba mdogo amtafute huyo mwanaume Dar nzima. Ulipokuja likizo ukamweleza, "Bibi, lile kofi tulilirudia mara sita mpaka likakaa sawa." Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Kumbe mnarudia!" Wiki nzima alikuwa anawaambia majirani: kumbe wanarudia.

Hilo neno ndilo lililokuja kututafuna.

Kanumba, yule nyota wa filamu, alipofariki, Aprili 2012, na soko la DVD likaanza kuporomoka, ulinipigia ukilia kwamba umri unakwenda na sasa unapewa nafasi za mama mkwe tu. Nilikwambia rudi nyumbani, tulime zabibu Hombolo. Hukurudi. Ulikwenda Zanzibar kwenye tamasha, ukakaa Ngome Kongwe usiku ukitazama dokumentari, ukarudi unasema umechoka kuigiza uongo, sasa unataka ukweli. Nilikuelewa. Nilikusifia hata. Basi, turudi kwenye ukweli wenyewe.

Mwaka 2016, serikali iliposema safari hii inahamia Dodoma kweli, si kama ilivyokuwa inasemwa tangu 1973, ulikuja na wazo lako. Na lilikuwa zuri, sikatai: watu wote wanatazama wanaohamia, wewe utawatafuta waliohamishwa. Operesheni Dodoma, 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Sauti yako inasema hivyo mwanzoni mwa filamu, na zile picha za Mwalimu akifyatua tofali Chamwino. Bibi hakuwahi kusema 1971. Kwake ulikuwa mwaka wa malori. Walipakia vyungu, kuku, mawe ya kusagia, wakaacha nyumba yao ya tembe na mbuyu, na chini ya mbuyu wakamwacha mtoto wake wa kwanza, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka kaburini.

Kibali cha kupiga picha ulikuwa nacho, umekikunja vizuri kwenye bahasha, ukampelekea mtendaji wa kijiji. Bibi hukumwomba kibali. Ulimwambia tu, "Twende tukakae pale kwenye mbuyu."

Novemba, mvua haijanyesha, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Vijana wako wanne, mmoja na vile vitu vya masikioni. Mimi ulinipa riflekta nishike, upande wa fedha, "Dada, mmulike usoni, usitikisike." Upepo unaivuta, mikono inauma, nahangaika nayo. Ndipo Bibi akasema. Hukumuuliza hata, alisema tu, anatazama chini penye mizizi, akamtaja mtoto, akalia. Si kulia kwa msibani. Alilia kama mtu anayekohoa, kidogo, akajifuta kwa pindo la kanga, begani kushoto.

Na pikipiki ikapita.

Kijana wa sauti akatikisa kichwa. Ukachuchumaa mbele yake, ukamshika magoti, na kwa ile sauti yako tamu ukasema, "Bibi, samahani, rudia pale ulipomtaja."

Akakutazama. "Nirudie kulia au nirudie kusema?"

Ukasema, "Vyote, Bibi, kama utaweza."

Akaweza! Akavuta pumzi, akatengeneza kanga, sasa iko begani kulia, akasema upya, kwa kupanga, kwa Kiswahili kilichonyooka, akataja jina la ubatizo, akalia vizuri kuliko mara ya kwanza. Alipomaliza akainua uso, macho bado maji: "Nimepatia?"

Mkapiga makofi. Wote.

Siku ya kuionyesha filamu mjini, watu waliokaa mbele yangu walijifuta machozi, na mimi nilikuwa natazama kanga tu. Bega la kulia. Nikajua ni ipi uliyochagua.

Utasema Bibi mwenyewe alifurahi. Alifurahi, ndiyo. Aliulizia filamu yake mpaka mwaka wa mwisho. Sasa hilo linakusafisha wewe au linazidisha? Mimi sijui, nimelizungusha kichwani miaka mingi.

Na usiniambie kwamba hata mimi nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni, na mkubwa hamsemi mdogo wake mbele ya wageni. Ile elfu hamsini uliyonipa jioni nilimnunulia yeye blanketi na sukari, sikula hata mia. Ningeweza kuiweka chini ile riflekta. Sikuiweka. Uliniambia nisitikisike.

Lakini kitabuni umeandika kwamba kwetu "hakuna aliyetaka kuuliza." Hakuna! Nani alikuwa anapasha mafuta ya alizeti kila jioni amkande Bibi miguu? Hadithi ya malori nimeisikia usiku zaidi ya ulizolala Dodoma tangu uondoke. Sikuuliza kwa sababu sikuhitaji kuuliza. Ukimkanda mtu miguu anaongea mwenyewe. Ushauri wangu kama dada, ukitengeneza filamu nyingine, kaa na mtu kwanza bila kamera, hata wiki. Mimi nilikaa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyeniita kwenye uzinduzi.

Na msibani ukafika siku ya tatu, tumeshazika. Zamani ningekutetea, ningesema basi liliharibika Morogoro. Sasa kuna treni ya umeme, Dar mpaka hapa ni saa tatu na ushee. Ulikuja umevaa miwani, ukalia sana, watu wakakuzunguka, na mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta natafuta kamera iko upande gani.

Nakupenda. Chumba chako nimekifagia, chandarua kipya nimeweka.

Nina ombi moja. Pale mbuyuni pameshapimwa viwanja, mwenye kiwanja ameuacha mti lakini amezungusha ukuta, kaburi sijui limeangukia upande gani. Mara ya kwanza, kabla ya pikipiki, Bibi hakutaja jina la ubatizo. Alitaja jina jingine, la Kigogo, lile alilomwita yeye. Wakati ananisimulia usiku alikuwa anasema "mtoto" tu. Siku ile alilitaja, na mimi nilikuwa napigana na upepo, sikulishika. Nimewauliza wazee wote waliobaki, hakuna anayelijua.

Kijana wako wa sauti aliniambia huwa hamfuti kitu. Nitafutie ile ya kwanza, ya bega la kushoto, hata kama pikipiki imefunika. Ikigoma WhatsApp, weka kwenye flashi, mpe mtu anayekuja na treni ya asubuhi. Nitampokea stesheni.

Dada yako