5.6 si dakika tano na sekunde sita

Haipiti wiki bila mteja kuingia dukani kwetu hapa Malindi, simu mkononi, na swali lile lile: "Nimepiga hesabu yangu vizuri, mbona kwenye mbio muda niliotaka sikuupata?" Tunamkaribisha akae, tunachukua kalamu.

Mara nyingi kosa liko kwenye kikokotoo. Kijana mmoja alitaka kumaliza kilomita 5 kwa dakika 28. Akagawa 28 kwa 5, akapata 5.6, akajiandikia kiganjani: dakika 5 na sekunde 6. Sivyo. Hiyo .6 ni sehemu ya dakika, na dakika ina sekunde 60, kwa hiyo ni sekunde 36. Alikuwa anajilazimisha kwenda haraka kupita lengo lake kwa nusu dakika katika kila kilomita. Mbili za kwanza alikwenda kama mshale, ya tatu akashika kiuno, ya nne akatembea. Alidhani hana pumzi. Pumzi alikuwa nayo.

Njia salama ni kugeuza muda wote kuwa sekunde kabla ya kugawa. Dakika 28 ni sekunde 1,680. Gawa kwa 5 upate 336. Toa 300, ambazo ni dakika tano, zinabaki 36. Ukiwa kwenye uwanja wenye mzunguko wa mita 400, zidisha 336 kwa 0.4: dakika 2 na sekunde 14 kila mzunguko. Beatrice Chebet alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Eugene, Marekani, Julai 2025, kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mzunguko ulimchukua wastani wa sekunde 67. Nusu ya zile za kijana wetu, mizunguko kumi na miwili na nusu bila kupumzika! Ukishaijua hesabu, ndipo unapoona dada yule amefanya nini.

Na lengo? Sisi hatuanzi na muda unaoutamani, tunaanza na ule ambao miguu yako imeshauonyesha. Kimbia kilomita 3 kwa nguvu zako zote, kisha kwenye kasi yako ya kila kilomita ongeza sekunde kumi hivi. Aliyemaliza 3 kwa dakika 16 alikwenda 5:20, yaani dakika 5 na sekunde 20, kwa kilomita. Kwa kilomita 5 apange 5:30, yaani dakika 27 na nusu.

Jipime kwenye lami, alfajiri, jua halijapanda. Mchanga wa ufukweni, hata maji yakiwa yamekupwa, unakula nguvu, na muda wake haulingani na wa barabarani. Msimu wa kusi nao, ukishika barabara ya Casuarina kuelekea Silversands, upepo unakupiga kifuani; nenda na urudi ndipo upate wastani wa haki.

Kipimo hiki tunakifanya na wateja wetu kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bila malipo. Ukimaliza tunakuandikia kikaratasi cha kufunga mkononi, chenye muda wa kufikia mwisho wa kila kilomita, mfano: 5:30, 11:00, 16:30, 22:00, 27:30. Kilomita ya kwanza ukifika kwa 5:10, punguza mwendo hapo hapo, hata kama wenzako wanakupita. Njoo na viatu unavyokimbilia sasa, hata vikiwa vimelika soli, maana tunataka kuona vimelika upande gani.