Risala ya Jumuiya ya Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Wakulima wenzetu wa juu na wa mwisho wa mfereji,

Karibuni banioni, mahali maji yanapoingia mfereji wetu. Risala hii ina swali moja: kwa nini mkulima wa juu akubali kumwachia maji mwenzake wa chini?

Wataalamu wa mageuko ya viumbe wanasema kwamba ndani ya kundi, mdokozi humshinda mwaminifu. Anayefungua geti usiku huvuna zaidi, na jirani akiona, huiga. Lakini kundi la waaminifu hulishinda kundi la wadokozi, maana mfereji wa wadokozi hukosa wa kuuzibua tope. Mahubiri peke yake hayatoshi. Wizi wenyewe ukose faida.

Mwaka 1993, watafiti J. Stephen Lansing na James Kremer waliiga kwa kompyuta mashamba ya mpunga ya Bali, Indonesia, kila kundi likifuata ratiba ya jirani aliyevuna vizuri zaidi. Ratiba zikajipanga zenyewe, zikakaribia zile zinazopangwa kwenye mahekalu ya maji ya huko. Siri ni wadudu na panya. Majaruba ya eneo zima yakipumzishwa pamoja, wadudu na panya hukosa chakula. Wa juu akibana maji, wa chini huchelewa kupanda, na wadudu wake humrudia huyo huyo wa juu. Wote nao wakipanda siku moja, maji hayatoshi. Ndiyo maana maeneo hupishana.

Kupishana kunataka kipimo. Bamba la chuma lenye pengo la V la nyuzi 90 linatosha. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya chini ya V, hupita lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika 12, hupita 6.9. Kwa hiyo ugomvi wa sentimita mbili si ugomvi mdogo hata kidogo! Rula ikae nyuma ya bamba, upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, kwani kwenye bamba lenyewe maji yameshaanza kuinama. Jani la mgomba likinasa kwenye V, maji ya nyuma hupanda, na mkulima huandikiwa maji asiyoyapata. Msoma rula atoke mwisho wa mfereji. Ndiye mwenye uchungu na maji.

Mheshimiwa, tunaomba mabamba haya yafungwe kwenye matoleo yote ya maji ya mfereji kabla ya kusia mbegu, na ratiba ya kupishana iingizwe kwenye sheria ndogo zetu.

Tunaomba kuwasilisha.