Watu wakihama idara moja kila mara, aulizwe meneja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakurugenzi na wajumbe wa bodi, maana wao ndio wanaoidhinisha matangazo ya kazi zilezile kila baada ya miezi michache bila kuuliza waliokuwa nazo wamekwenda wapi.

Nimefanya kazi chini ya uongozi wa namna hiyo. Msimamizi wetu alikuwa akibadilisha maagizo jioni, kisha asubuhi anamgombeza aliyefuata agizo la jana. Likizo iliyomo kwenye mkataba iliombwa kama hisani. Mtu akikosea, alisemwa mbele ya wenzake. Mhasibu akaacha kazi, akafuata karani wa masijala, halafu kijana aliyeletwa kuziba pengo la mhasibu naye akaondoka hata kabla ya kuthibitishwa. Kila mara tuliambiwa vijana wa siku hizi hawana subira.

Hoja hiyo ya subira inaniumiza, kwa sababu ushahidi wa kuipinga umo ndani ya taasisi hizohizo. Katika jengo moja, kwa ngazi ileile ya mshahara, utakuta idara ambayo watu hawakai na nyingine ambayo watu wanadumu hadi wanastaafu. Kama tatizo ni vijana, mbona wale wa idara ya pili hawaondoki? Wamesoma vyuo vilevile, wana shida zilezile za maisha. Kinachotofautiana ni anayewaongoza.

Sisemi mshahara si kitu. Mwaka 1913 kampuni ya magari ya Henry Ford, nchini Marekani, ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka mmoja ili ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Januari 1914 ikatangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8, takriban mara mbili ya yale ya awali, na idadi ya wanaoondoka ikashuka sana. (Pamoja na dola hizo walikuja wakaguzi wa kuchunguza maisha ya mfanyakazi nyumbani kwake, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo.) Dola 5 zinakumbukwa na wengi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya nyongeza hiyo, mwaka huohuo wa 1913, kampuni ilikuwa imewanyang'anya wanyapara mamlaka ya kumfukuza mtu wapendavyo. Waajiri wale walitambua kuwa kasoro imo katika jinsi watu wanavyoongozwa, wakaanza kuirekebisha hapo.

Kwetu tunasubiri mtu aandike barua ya kuacha kazi ndipo tumuulize sababu, na mara nyingi anayeuliza ni bosi yuleyule anayekimbiwa, au ofisa utumishi anayeripoti kwake. Anayeondoka bado anahitaji barua ya utumishi na mtu wa kumdhamini aombapo kazi kwingine. Atasema nini? Ataandika "sababu za kifamilia" na kuaga kwa heshima. Fomu inawekwa kwenye faili, na uongozi unaamini haukuwa na kosa.

Mzigo wote unawaangukia waliobaki. Mtu anakaimu nafasi mbili kwa miezi bila posho ya kukaimu, huku akimfundisha mgeni ambaye anajua moyoni kwamba hatadumu. Makabidhiano hayafanyiki, kwa hiyo mteja aliyeeleza shida yake kwa ofisa mmoja anaanza upya kwa mwingine, na mwisho anakwenda kwingine. Hasara hii haionekani kwenye mstari wowote wa bajeti. Wenye ujuzi mkubwa ndio wanaotangulia kuondoka, kwa kuwa hao hawakosi pa kwenda. Wanaosalia wengi ni waliokwisha kukata tamaa, na mwenye kukata tamaa hamwambii bosi kwamba kazi inaharibika.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Kila bodi iletewe, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi, idadi ya walioacha kazi katika kila idara, na jina la anayeiongoza idara hiyo. Mahojiano ya anayeondoka yafanywe na mtu asiye chini ya msimamizi wake, ikibidi miezi kadhaa baadaye, akiwa ameshapata kazi nyingine na hana cha kuogopa. Meneja anayepoteza watu mfululizo apewe mafunzo na muda wa kujirekebisha. Wengi walipandishwa cheo kwa sababu walikuwa mafundi wazuri wa kazi yao, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kuongoza watu. Asipobadilika, aondolewe kwenye uongozi na arudishwe kwenye kazi anayoiweza.

Na nafasi ileile ikitaka kutangazwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, tangazo lisitoke mpaka meneja huyo ameieleza bodi, ana kwa ana, kwa nini wawili wa kwanza hawakukaa.

Mfanyakazi
(Jina limehifadhiwa)